Matofali mepesi ya kuzuia joto au ya saruji ya kawaida? Jibu kwa msomaji wa Tanga

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninajenga Mwahako, Tanga, nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Msingi umekwisha na jamvi limemwagwa. Kaka yangu aliyeko Maskati ananisisitiza nitafute matofali meupe mepesi ya kuzuia joto. Anasema kwao nyumba nyingi ni hayo na ndani ni baridi. Fundi wangu anasema matofali hayo ni laini mno, hayashiki hata grili ya dirisha, na kwamba Tanga tofali ni la saruji. Nyumba niliyopanga sasa Chumbageni usiku haikaliki kwa joto, sitaki kuhamia kwenye tanuri jingine. Nimeshanunua matofali 600 ya kawaida. Niendelee au nisimamishe?

JIBU: Marahaba dada yangu. Hongera kwa kufika kwenye jamvi, maana misingi iliyoota nyasi mjini hapa ni mingi.

Usisimamishe. Jenga kwa tofali la saruji la kawaida, ila liwe tofali kweli, na ile pesa ambayo kaka anataka uimalizie kwenye matofali meupe ipandishe juu: kwenye dari, kwenye upenu wa paa, na inayobaki kwenye madirisha. Kuna aina moja tu ya chumba ambayo ningekubaliana naye, nitaifikia.

Kaka yako hajakudanganya. Maskati mwezi wa Juni mchana hufika nyuzijoto 40 na kuzidi, na usiku hewa ya nje bado iko kwenye 30. Hapo hakuna anayefungua dirisha. AC inawaka kutwa kucha, nyumba imefungwa, na ukuta una kazi moja ya kuzuia joto la nje lisiingilie ubaridi uliolipiwa umeme. Kwa maisha hayo tofali jepesi linarudisha gharama yake. Lakini lenyewe halitengenezi ubaridi. Ni kama chupa ya chai: ukitia chai inakaa moto, ukitia barafu inakaa baridi, yenyewe haipashi wala haipozi. Nyumba ya Mwahako yenye madirisha wazi, wavu wa mbu na feni juu haina ubaridi wa kutunza. Hewa ya ndani ni ileile ya nje iliyopita dirishani. Februari na Machi, kaskazi inapolegea kabla ya masika, hewa hiyo ni nyuzi 32 au 33 mchana, 24 au 25 usiku. Ukuta wowote utakaojenga, uwe wa nini, hautaishusha chini ya hapo.

Kinachowezekana ni kujikinga na joto la ziada, lile la jua linalofyonzwa mchana na kukurudia usiku. Bila shaka hilo ndilo linalokutesa Chumbageni.

Tuchukue ukuta wa tofali la inchi 6 lisilo na matundu, umepigwa lipu pande zote mbili. Kwa kila tofauti ya nyuzi 1 kati ya nje na ndani, mita moja ya mraba ya ukuta huo hupitisha takriban wati 3. Ukuta wa tofali jepesi wa unene uleule hupitisha chini ya wati 1. Ukiishia hapo, kaka ameshinda. Sasa toka nje utazame. Ukuta wa magharibi wenye lipu ya kijivu, jua la saa kumi likiupiga usoni, hupanda nyuzi kama 20 juu ya joto la hewa. Ukuta huohuo ukiupaka chokaa nyeupe hupanda nyuzi 7 au 8 tu. Ukiutilia kivuli cha baraza, hupanda kidogo sana. Maana yake ndoo chache za chokaa zimelirudisha zaidi ya nusu ya joto kabla halijaingia kwenye tofali, na mawe ya chokaa tunayo hapahapa Amboni na Maweni, hayaji kwa meli. Ajabu ni kwamba watu wanaouliza kwa bidii habari za matofali ya kuzuia joto ndio haohao wanaopaka nyumba kijivu cha makaa kwa sababu imetoka kwenye picha.

Kuna suala la saa pia. Joto linaloanza safari nje ya ukuta wa inchi 6 hufika ndani baada ya saa nne au tano hivi. Jua la saa tisa alasiri unalipokea saa mbili usiku, unapotandika kitanda. Fanya jaribio leo. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba chako, kisha kwenye ukuta wa kati usiopigwa na jua. Utaona tofauti yake. Halafu nyanyua mkono, kiganja kikitazama dari, usiguse kitu. Ukihisi joto linakushukia mkononi kutoka hewani, mshitakiwa wa kwanza ni paa, na tofali ni shahidi tu.

Nasema paa kwa sababu ya mahali tulipo. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba, na miezi mingine halitoki mbali na utosi. Saa sita mchana kila mita ya mraba ya paa hupokea hadi wati 1,000 hivi, saa ambayo kuta zimesimama kwenye kivuli cha paa hilohilo. Bati huvuka nyuzi 60. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa, chini ya hewa hiyo kuna ubao mwembamba wa dari, na chini ya ubao upo wewe na godoro lako. Dari ikishapata moto inakumulika kwa joto hata kama feni inazunguka. Huwezi kumaliza tatizo hilo kwa tofali, hata ukilileta kwa ndege.

Kwa hiyo pesa ianzie huko. Bati chagua la rangi ya maziwa au nyeupe, bati jeusi na jekundu lililoiva waachie wenye mapenzi nayo. Chini ya bati tandaza foili ya aluminiamu, na hapa simama mwenyewe umwangalie fundi, kwa kuwa wengi huitandaza vibaya. Foili hufanya kazi ikiwa imeachana na bati, kuwe na uwazi wa angalau vidole viwili. Ikigusana na bati inageuka kuwa bati la pili. Upande unaong'aa uelekee chini kwenye uwazi wa dari. Upande huo ukielekea juu vumbi hutua, mng'ao hufa, na pesa yako imelala. Kisha toa njia ya hewa: matundu chini ya upenu na matundu mengine juu kwenye pembetatu ya paa, yote yafungwe wavu mgumu, la sivyo popo watahamia kabla yako. Hewa ya moto ipande itoke, nyingine iingie kutoka chini.

Dari yenyewe gipsamu inatosha. Mafundi wetu hutia katani ndani ya mikanda ya gipsamu ili isivunjike, na katani Tanga haijawahi kuwa shida. Ukibakiwa na pesa, tandaza juu ya dari godoro la sufi ya kioo la sentimita 5 au 10. Hapo ndipo mahali pa kizuia joto katika nyumba ya pwani. Juu, si pembeni.

Nikuombe jambo moja kuhusu ramani. Kama umechora lile paa la kuficha, la kontempo, lenye ukuta unaopanda kuzunguka bati, nakusihi ubadilishe mawazo maadamu kuta hazijasimama. Paa hilo halina upenu. Mvua ya masika inatiririka ukutani, jua linapiga ukuta kuanzia juu hadi chini, na mfereji wa ndani ukiziba majani siku moja tu, maji yanashuka sebuleni. Kwetu upenu wa sentimita 90 hutia kivuli zaidi ya mita 1.5 ya ukuta wa kaskazini mwezi wa Juni saa sita mchana, na ule wa kusini mwezi wa Desemba zaidi ya hapo. Kwa kuta hizo mbili kazi imekwisha. Mashariki na magharibi upenu hausaidii sana kwa sababu jua linakuja chinichini. Huko weka baraza, mti, au vyumba visivyolaliwa. Kuta za msingi wako siwezi kuzihamisha, ila matumizi ya vyumba bado unaweza kuyabadilisha. Kama chumba chako cha kulala kiko kona ya magharibi na stoo iko mashariki, vibadilishane.

Upepo unaujua kuliko mimi: kusi inatoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili, au dirisha moja na tundu la hewa juu ya mlango. Na uangalie aina ya dirisha. Yale ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Umelipia mita moja na nusu ya dirisha, upepo unapata chini ya mita moja, tena kupitia wavu. Ya kufungua kwa bawaba yanapitisha upepo kwa upana wote.

Watu huniuliza mbona nyumba za zamani za mawe zina ubaridi ilhali hazikuwa na matofali ya kuzuia joto. Kaangalie jengo la zama za Wajerumani pale Bombo, au nyumba za kale za Pangani. Kuta ni nene mno, dari ziko juu sana, kuna baraza linaloziba jua, na madirisha marefu yanaelekea upepo. Ukuta mnene hivyo, wa mawe na chokaa, hulimeza joto la mchana, na usiku huohuo linalofika chumbani ni kidogo tu. Tofali la inchi 6 halina uzito wa kumeza joto namna hiyo wala wepesi wa kulizuia, liko katikati, na ndiyo maana lazima ulikinge na jua. Likikingwa halina ubaya.

Sasa nirudi kwenye chumba nilichosema. Watu wanadhani AC ikishawekwa basi tofali jepesi ni lazima. Tupige hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kilichoko kona kina ukuta wa nje wa mita za mraba 20 ukitoa madirisha. AC iko nyuzi 24, nje usiku ni 27. Tofauti ni 3. Tofali jepesi litakuokolea kama wati 2 kwa kila nyuzi kwa kila mita, jumla wati 120 za joto. AC hutumia theluthi hivi ya hapo kwa umeme, yaani wati 40. Kwa saa nane ni theluthi ya uniti. Ongeza joto lililobaki kwenye ukuta wa magharibi jioni, bado kwa hesabu yangu haifiki uniti moja kwa usiku. Sasa linganisha na nauli ya kubeba matofali laini kutoka Dar es Salaam kwa lori, kilomita 350 hivi, pamoja na yatakayovunjika njiani.

Hesabu hugeuka AC ikiwaka mchana pia. Kama unajenga chumba cha mzazi mgonjwa anayelala humo kutwa, au ofisi ya nyumbani iliyofungwa saa zote, na ukuta wake uko magharibi pasipo nafasi ya baraza, hapo tofali jepesi lina hoja. Liweke kwenye kuta za nje za chumba hicho tu. Kuliweka kwenye kuta zinazotenganisha chumba na chumba ndani ya nyumba ileile ni kutupa pesa, kwani pande zote mbili joto ni moja. Hoja nyingine ni ghorofa, au udongo mzito unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Mita ya mraba ya ukuta wa inchi 6 wa saruji ina uzito wa kilo 300 hivi, ya tofali jepesi haifiki 100. Lakini wewe huna ghorofa na msingi umeshakula pesa yake.

Fundi wako naye ana nusu ya haki. Tofali hilo hutengenezwa kwa saruji, chokaa, mchanga uliosagwa na unga kidogo wa aluminiamu unaoumua vipovu, kisha hupikwa kwa mvuke wa shinikizo. Waswidi walilianzisha miaka ya 1920 na limebeba majumba huko tangu wakati huo, kwa hiyo kusema halibebi si kweli. Nyumba ya chini yenye linta nzuri, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, linaibeba bila wasiwasi. Ila ni kweli msumari wa kawaida haushiki, na grili ukiifunga kwa skrubu fupi mwizi ataing'oa kwa mkono. Inabidi boliti zipite ukuta mzima na kukamatwa na kipande cha bati nene upande wa pili, au dirisha lizungushiwe zege. Pia linanyonya maji, hivyo halianzii chini kwenye jamvi. Kozi mbili za mwanzo, yaani safu mbili za chini, ziwe za saruji. Na linajengwa kwa gundi maalumu ya milimita chache. Fundi akilijengea mchanganyiko wa saruji na mchanga wa unene wa sentimita mbili kama alivyozoea, faida yote inavuja kwenye maungio. Panapokutana tofali jepesi na la saruji pana nyufa zinazosubiri, kwa hiyo tenganisha kwa nguzo ya zege na uweke wavu wa nyuzi za kioo ndani ya lipu. Wavu wa kuku usiuweke, chumvi ya bahari itaula.

Paneli zenye povu jeupe katikati na wavu wa chuma pande mbili sizipendi kwa pwani yetu: panya na sisimizi hutoboa lile povu, na likishika moto moshi wake ni sumu. Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, yale yanayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ni mazuri na hupunguza saruji ya kujengea, lakini kwa joto hayana tofauti kubwa na uliyonayo. Matofali ya saruji yenye matundu hupunguza joto linalopita kwa kama sehemu moja ya tano na ni mepesi kubeba. Ukiyapata ya kiwango kizuri, kuta za nje zilizobaki jengea hayo, matundu yakisimama wima, na ujaze zege kwenye kona na kandokando ya milango.

Ninachokiogopa Tanga kuliko joto ni matofali dhaifu. Tofali la inchi 6 lisilo na matundu lina ujazo wa lita 15 na ushei. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una lita kama 35. Mtengenezaji akikuambia kwa majivuno kwamba anatoa matofali 45 kwa mfuko, zidisha: ni lita 700 hivi za tofali kwa lita 35 za saruji, sehemu moja kwa ishirini. Huo ni mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Kwa ukuta unaobeba paa nataka matofali 20 kwa mfuko, yasizidi 25, yamwagiwe maji siku saba asubuhi na jioni yakiwa kivulini, na yasijengewe kabla ya wiki nne. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe, mlangoni kwako. Mtu wa Tanga kubania saruji ni jambo nisilolielewa.

Mchanga wa ufukweni usikubali. Kwenye ukuta huota unga mweupe na kubandua rangi, na ukiingia kwenye linta na nguzo chumvi yake hula nondo mpaka zege linapasuka. Mafundi wazee huuonja kwa ncha ya ulimi, na ni kipimo kizuri tu.

Basi hayo 600. Chagua matano, si ya juu ya lundo, chomoa katikati. Gonga moja kwa jingine. Mlio uwe mkavu, wa kukolea. Kwaruza kwa msumari, na ukichimba mfereji kirahisi andika alama mbaya. Loweka mawili kwenye pipa usiku mmoja, kisha bonyeza kona kwa dole gumba. Yaliyobaki yadondoshe kutoka usawa wa bega kwenye ardhi iliyoshindiliwa. Kukatika vipande viwili si tatizo, kusambaratika ni tatizo. Yakifaulu, anza nayo kozi za chini za kuta za nje ambako mvua inarusha matope. Yakifeli, usiyarudishe wala usiyaweke nje. Nyumba yako inahitaji matofali 2,000 hivi, karibu nusu yake kuta za ndani, kwa hiyo hayo 600 yote yatamezwa na kuta za ndani zisizobeba kenchi, zile mbao za paa, kuanzia kozi ya tatu kwenda juu. Ya nje mwite fundi ayafyatulie hapo kiwanjani, mifuko ikifunguliwa mbele yako. Na kaka akiuliza atume nini, mwambie foili na sufi ya kioo.